Nyumba ya Duka ya Udongo: Habari za Nyanda za Juu na za Nyumba Moja Madibira

Vitabu vya kumbukumbu kama hiki hueleza kwa kawaida habari za majengo makubwa: hekalu, shule, zahanati, ukumbi wa mikutano. Ninaomba kurasa chache nieleze habari za jengo dogo lisilo na jiwe la msingi wala jina la mfadhili, nalo ni nyumba ya duka ya udongo na bati, ambamo wengi wetu tulizaliwa au wazazi wetu walizaliwa. Nyumba moja ya namna hiyo niliinunua Madibira ikiwa imeelekea kuanguka, kwa fedha zisizotosha kununua pikipiki mbili mpya. Kabla ya kueleza jinsi ilivyotengenezwa, sina budi kueleza kwa nini bei yake ilikuwa ndogo kiasi hicho, kwani uchakavu wa kuta ulikuwa sehemu ndogo tu ya sababu.

Wazee wetu walipopanda Nyanda za Juu hawakuja na ufundi wa kujenga. Walikuja na mizani, kitabu cha hesabu, na bidhaa walizokopeshwa na mfanyabiashara mkubwa wa pwani. Wajerumani waliiteka ngome ya Mkwawa pale Kalenga tarehe 30 Oktoba 1894, kisha wakajenga kituo chao Iringa. Nyuma ya boma likafuata soko, na nyuma ya soko yakafuata maduka. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, chini ya Waingereza, maduka yalienea hata vijijini, na dhahabu ya Lupa, huko Chunya, ikawavuta wengine hadi Mbeya, ambako mtaa wa Uhindini unaitwa hivyo mpaka leo. Chumvi, kaniki, majembe na mafuta ya taa vilipanda. Nta, ngozi, karanga na mpunga vikashuka.

Mwenye duka kijijini alijenga kwa vitu alivyovikuta, na alivyovikuta havikuwa haba. Wahehe walikuwa wajenzi wa tembe, nyumba ndefu zenye kuta nene za udongo na paa bapa. Wazee wetu, ambao huko Kathiawar na Kutch waliacha nyumba za udongo vilevile, waliutambua ufundi huo mara moja. Hata sakafu ilisiribwa kwa udongo na mavi ya ng'ombe, na mama zetu hawakuhitaji kufundishwa jambo hilo, kwa kuwa walilijua tangu utotoni. Walichoongeza ni tofali mbichi zilizofyatuliwa kwa kipimo kimoja, zikajengwa kwa kamba na timazi, na juu yake wakaweka bati.

Habari ya bati inastahili sentensi mbili tatu. Bati la mawimbi lilibuniwa London na mhandisi Henry Robinson Palmer, aliyelipatia hataza mwaka 1829, na baada ya karne moja lilikuwa limekwisha kuwa alama ya mwenye duka Afrika Mashariki nzima. Lilikuwa zito, nene kuliko mabati ya geji 30 na 32 tunayouziwa sasa, na kwa sababu hiyo mengine yangali juu ya nyumba baada ya miaka 70. Saruji, kwa upande mwingine, haikupatikana kwa urahisi. Tanganyika haikuwa na kiwanda chake hata kidogo. Kile cha Wazo Hill kilianza uzalishaji mwaka 1966, wakati nchi ilikuwa imekwisha kuwa Tanzania. Mfuko wa saruji uliofika Usangu kwa lori ulikuwa wa kuhesabiwa kwa kijiko.

Ramani ya nyumba hizo ilikuwa moja karibu kila mahali. Mbele palikuwa na baraza refu chini ya paa lililoegemea nguzo, ambapo mteja alipumzika, fundi cherehani alishona, na mgonjwa alisubiri gari. Kisha milango mipana ya mbao ya kukunjwa, kisha duka, kisha ghala, kisha vyumba viwili au vitatu vya familia, na nyuma kabisa ua wenye jiko, kisima au pipa la maji ya mvua. Kuta zilikuwa na unene wa futi moja na nusu, hivyo adhuhuri ya Usangu, ambayo kila aishiye huko anaijua, haikuingia ndani.

Sasa nije kwenye suala la bei. Mwaka 1963, hati za umiliki wa ardhi usio na kikomo ziligeuzwa kuwa za muda, chini ya Serikali. Mwaka 1967 likatangazwa Azimio la Arusha. Mwezi Aprili 1971 ikapitishwa Sheria ya Kutwaa Majengo: jengo lenye thamani ya shilingi 100,000 au zaidi, ambalo mwenyewe hakulikalia bali alilipangisha, lilichukuliwa na Serikali na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Jengo lililozidi umri wa miaka 10 halikulipiwa fidia. (Kwa bahati ya lugha, mpaka uliowekwa na sheria hiyo ni laki moja, na neno laki ni letu.) Katika miji, watu waliojinyima maisha yao yote ili wapangishe orofa moja uzeeni walijikuta ni wapangaji ndani ya nyumba walizozijenga. Wengi waliondoka nchini miaka ile. Msajili wa Majumba mwenyewe aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990.

Lakini duka la udongo kijijini halikufikia laki. Sheria ya 1971 haikuligusa hata kidogo, na hili husahauliwa na wanaosimulia kwamba nyumba zote za Wahindi zilichukuliwa. Duka la kijijini liliondolewa pumzi kwa njia nyingine. Kati ya 1973 na 1976 ilifanyika Operesheni Vijiji, ambamo wakulima walihamishwa kutoka walikokuwa wametawanyika na kukusanywa pamoja. Mwaka 1976 ikafuata Operesheni Maduka, iliyotaka maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe na nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ushirika ya kijiji. Operesheni hiyo haikudumu, kwa kuwa bidhaa zilikosekana na Serikali yenyewe ikairegeza, lakini mwenye duka aliyekwisha kufunga milango hakurudi. Nyumba ikabaki kwa aliyekuwa karibu nayo: msaidizi wa duka, jirani, ofisi ya kijiji, ghala la mbolea. Nyumba isiyo na duka na isiyo na karatasi haina bei.

Sielezi haya ili kufufua malalamiko. Katika miaka hiyohiyo majirani zetu Waafrika nao walihamishwa, na tembe za babu zao zikabaki magofu yaliyooshwa na mvua. Mtu wa Usangu au Uhehe akimweleza Mhindi jinsi familia yake ilivyoacha nyumba, Mhindi huyo anaelewa bila kufafanuliwa. Ninachosema ni kwamba anayenunua nyumba chakavu kwa bei ya kutupa ananunua pia sababu za kutupwa kwake, na afadhali azijue kabla ya kutia sahihi.

Zanzibar walilijua jambo hili kabla yetu. Baada ya Mapinduzi ya 1964, nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa na kukaliwa na familia nyingi kwa pamoja, bila mtu wa kukarabati paa. Mwaka 1985 iliundwa Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, na katika miaka iliyofuata baadhi ya nyumba mbovu za Serikali ziliuzwa kwa watu binafsi kwa masharti ya kuzitengeneza. Wanunuzi walijifunza kwa gharama. Kuta za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa, na sakafu za juu zimelala juu ya boriti za mikoko. Waliopiga lipu ya saruji juu ya kuta hizo waliufungia unyevu ndani, na baada ya misimu michache lipu ikadondoka pamoja na ngozi ya ukuta. Waliorudia chokaa walifaulu. Mfano mzuri kabisa ni ile zahanati ya zamani iliyo mbele ya bandari, iliyoanzishwa mwaka 1887 na Tharia Topan, mtu wa Kutch, ikatengenezwa upya katika miaka ya 1990 na shirika la utamaduni la Aga Khan. UNESCO iliuweka Mji Mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Hata hivyo urithi wa dunia hauzuii maji: tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, ilianguka.

Kwetu bara, Iringa, boma la Wajerumani lilitengenezwa na kufunguliwa kama makumbusho mwaka 2016, na ninawashauri wasomaji wapeleke watoto wao wakalione. Ila boma lilijengwa na dola, na majengo ya dola hayakosi watetezi. Duka la udongo halina wa kulisemea. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyotangulia mwaka 1863. La baada ya hapo hulindwa tu likitangazwa rasmi. Duka la kijijini lililojengwa wakati wa Waingereza, machoni pa sheria, ni tofali kuukuu.

Madibira, kwa wasiopajua, ipo kwenye bonde la Usangu, wilayani Mbarali, mahali ambapo barabara kutoka Rujewa huanza kupanda kuelekea Mafinga. Wakazi wake ni Wahehe, Wasangu, Wabena na wengi waliohamia. Wamisionari Wabenediktini walifika mwishoni mwa karne ya 19. Lakini jina la Madibira siku hizi ni mpunga: maji ya mto Ndembera yanamwagilia skimu ya hekta zipatazo 3,000, iliyojengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na wakati wa mavuno malori hupanga foleni. Mimi nimenunua mpunga huko kwa miaka mingi. Mpunga umeleta fedha, fedha zimeleta tofali za kuchoma, na nyumba za zamani zinabomolewa kila mwaka ili kupisha fremu za maduka.

Nyumba niliyoinunua ilikuwa mali ya bibi mmoja mjane. Mumewe alikuwa msaidizi wa dukani. Mwenye duka alipoondoka alimwachia ufunguo, na familia hiyo ikaishi humo kwa zaidi ya miaka 40, ikalea watoto, ikatoa maiti. Hapakuwa na hati, ila ujirani mzima ulishuhudia. Ardhi ya kijiji ina sheria yake, Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya mwaka 1999, na chini yake mgeni wa kijiji hawezi kumalizana na muuzaji chumbani. Shauri huletwa mbele ya Halmashauri ya Kijiji. Namshauri kila mtu afuate njia hiyo hata kama muuzaji ni ndugu yake, hata kama ataambiwa kwamba inachelewesha.

Katika kikao hicho mzee mmoja aliniuliza swali ambalo, naamini, wote waliokuwepo walikuwa nalo: "Mzee mwenzangu, tuambie kweli. Umekuja kununua, au umekuja kudai?" Swali hilo lilikuwa la haki kabisa. Mtu mwenye sura na jina kama langu akija kutaka nyumba iliyojengwa na mtu mwenye sura na jina kama hilo, kijiji kina haki ya kuuliza kama kesho ataleta karatasi ya zamani na kudai shamba la nyuma. Nilijibu kwamba aliyejenga hakuwa ndugu yangu, kwamba mwenye nyumba ni bibi huyu na si mwingine, na kwamba nalipa bei aliyoitaja bila kumpunguzia. Yaliandikwa katika muhtasari na nikatia sahihi. Bibi naye aliweka sharti moja: baraza la mbele libaki wazi, kwa kuwa watu husubiri hapo magari ya Mafinga tangu zamani. Nalo liliandikwa.

Kijana wangu, aliyesoma mambo ya biashara kuliko mimi, alifanya hesabu na kunionyesha kwamba kubomoa na kujenga fremu nne za tofali za saruji kungerudisha fedha mapema zaidi. Kwa hesabu ya kodi alikuwa sahihi. Lakini fremu nne zingemeza baraza, na baraza lilikuwa limekwisha kuandikwa.

Kazi ilianza nje. Kwa miaka mingi taka na udongo wa kufagia vilikuwa vimerundikana kando ya kuta mpaka ardhi ya nje ikawa juu kuliko sakafu ya ndani; kila masika maji yaliingia kwenye msingi wa mawe na kupanda ukutani. Tulichimba na kushusha ardhi hiyo pande zote nne, tukatengeneza mfereji wenye kokoto kuelekea bondeni. Kazi hiyo haionekani kwenye picha na hakuna mgeni aliyewahi kuisifia, lakini nadhani ndiyo iliyoiokoa nyumba.

Kisha tukabandua saruji. Wakati fulani mtu alikuwa amepiga lipu ya saruji sehemu ya chini ya ukuta ili kuuimarisha. Nyuma yake tofali mbichi zilikuwa zimelainika kama uji. Ni yaleyale ya Zanzibar, ila udongo hauna uvumilivu wa tumbawe. Tofali zilizooza ziliondolewa chache chache, huku ukuta umeegemezwa kwa magogo, na nafasi zikajazwa tofali mpya za udongo wa palepale. Fundi wetu, mzee wa zaidi ya miaka 70, aliupima udongo kwa chupa: anatia udongo nusu, anajaza maji, anatikisa, anaiacha mpaka kesho yake, kisha anasoma mchanga uliotua chini na mfinyanzi uliotulia juu. Ukizidi mfinyanzi, tofali hupasuka. Ukizidi mchanga, humeguka.

Kwa lipu alidai pumba za mpunga. Madibira zipo kama vilima nyuma ya mashine za kukoboa, na watu huzitumia kuchomea tofali. Yeye alizichanganya na udongo na maji, akaacha mchanganyiko uvunde kwa muda wa majuma mawili hadi ukanuka, ndipo akausiriba ukutani kwa tabaka mbili. Pumba huzuia lipu isipasuke inapokauka. Mwisho tukapaka chokaa tupu, bila rangi ya mafuta, ili ukuta upumue. Mama zetu wa Kutch walifanya hivyohivyo kwa udongo na samadi.

Paa lilikuwa na habari mbili. Nguzo na miti ya kenchi ilikuwa imeliwa na mchwa mpaka ikabaki maganda, wakati milango ya mninga haikuwa na tundu hata moja. Kenchi mpya tulitengeneza kwa mbao za misonobari zilizotiwa dawa, kutoka misitu ya Sao Hill iliyo jirani, Mufindi. Juu ya kuta, chini ya kenchi, tulizungusha mkanda wa mbao unaozifunga kona zote nne. Hilo nililisisitiza mimi. Tarehe 26 Januari 2001 tetemeko la ardhi liliivunja Kutch, na baada ya hapo wataalamu waliona kwamba bhunga nyingi, nyumba za duara za udongo za watu maskini, zilisimama pale ambapo nyumba za mawe na za zege zilianguka. Umbo la duara lilizisaidia, na kuta zilizofungwa pamoja pia. Usangu nayo imo katika tawi la Bonde la Ufa. Upenu wa paa uliongezwa ili matone yaanguke mbali na ukuta, na gata likapeleka maji kwenye tangi. Mabati ya zamani yaliyosalia mazima, na yalikuwa mengi, tuliezekea ghala la nyuma.

Sehemu kubwa ya gharama iliingia mikononi mwa watu wa Madibira: wachimbaji, wafyatuaji, waashi, seremala, akina mama waliochota maji. Saruji tuliyonunua kwa kazi yote ilikuwa mifuko michache, ya kizingiti na choo.

Tulipokwangua rangi za miaka mingi katika chumba cha nyuma, upande wa kaskazini mashariki, kilitokea kishubaka kilichozibwa nusu. Kwa Kigujarati huitwa gokhlo, na waliokulia katika nyumba hizi wanajua kilikuwa cha nini. Ndani yake mlikuwa na masizi mazito. Nilimwita bibi aone, nikidhani namwonyesha kitu cha wazee wetu. Alicheka, akaniambia kwamba hapo ndipo alipoweka koroboi kwa miaka 40, na watoto wake wote walisomea chini ya mwanga huo. Hatukuyaosha masizi hayo. Siku ya kuingia nyumbani, pandit alipomaliza sala, taa iliwashwa hapohapo, na bibi ndiye aliyeiwasha kwa sababu mkono wake uliijua njia.

Leo mbele kuna duka la pembejeo alilopanga kijana wa Madibira, nyuma naweka mpunga, na baraza halikosi watu. Mafundi wawili waliojifunza pale wamekwisha kuitwa kutengeneza nyumba nyingine ya aina hiyohiyo njiani kuelekea Rujewa.

Kwa kadiri nionavyo katika safari zangu, nyumba hizi zinapungua kila msimu wa kiangazi, kwa kuwa kiangazi ndicho kipindi cha kubomoa. Kamati ya kitabu hiki imekubali kuanzisha faili la nyumba za duka za Mbeya na Iringa. Mwenye picha ya zamani, risiti, leseni ya biashara au kitabu cha hesabu, awe mwanachama au jirani, alete ofisini mwa hekalu. Vitanakiliwa na kurudishwa siku hiyohiyo. Na mwenye nyumba anayekusudia kubomoa atupe taarifa juma moja kabla. Tutakuja na futi kamba na kamera, tupime, tuandike, kisha aendelee na kazi yake.